Nilikuwa natafuta mzani wa kunitetea

Ilianza kazini, mwezi wa tatu, ile siku ya kupima afya bure. Wameleta hema, viti vya plastiki, foleni imefika mpaka getini, na mimi nikajipanga kwa sababu wenzangu wamejipanga, si unajua vitu vya bure. Mara ya mwisho mtu wa afya kunipandisha kwenye mzani ilikuwa kliniki ya mimba ya Nasri, na Nasri saivi yuko darasa la tano. Nesi mwenyewe binti mdogo tu, akaniambia vua viatu dada, panda, shuka, simama hapa ukutani, alafu akabonyeza simu yake akamtajia mwenzake anayeandika, kwa sauti ya konda anayeita abiria wa Mbagala: "Tisini na mbili, moja sitini na tatu, thelathini na nne pointi sita, kiribatumbo daraja la kwanza!"

Nyuma yangu wapo watu wa stoo, yupo dereva wa bosi, yupo yule kijana wa kompyuta ambaye siri haikai kwake hata dakika. Mpaka saa saba mchana ofisi nzima wanaijua pointi sita yangu.

Nikajibu lile jibu la wote, kwamba mimi nina mifupa mizito. Nesi akacheka kwa adabu. Nilikuja kusoma baadaye kwamba mifupa yote ya mwanamke mzima, fuvu na mapaja na kila kitu, ni kama kilo nane hivi, kwa hiyo hata ungenitoa mifupa yote nikabaki kama unga wa ngano kwenye kiroba bado hesabu isingenisaidia sana. Lakini siku ile niliamini kabisa. Manake jamani sisi tumekulia nyumba ambazo mtu akikwambia umenenepa unasema asante. Tuliozaliwa miaka ya themanini tumekua tukiona kukonda ndo habari mbaya, Uganda huko ukimwi wenyewe waliuita Slim, yaani kukonda, mtu akipungua kilo mbili majirani wanaanza kunong'ona, kwa hiyo wengine tulinenepa tukashukuru Mungu na mama akashukuru zaidi. Leo unaniambia daraja la kwanza kama vile nimefaulu mtihani.

Basi nikaanza kutafuta mzani wa kunitetea. Sikujua kama ndo nilichokuwa nafanya, nilijiambia nataka kupata ukweli kamili, ila nikiangalia nyuma naona wazi kabisa nilikuwa kama mtu aliyeshindwa kesi mahakama ya mwanzo anazunguka na faili akitafuta hakimu mwingine.

Kwanza nikaisoma hiyo BMI yenyewe, au kama wataalamu wetu wa lishe wanavyopenda kuita, uwiano wa uzito na urefu. Hesabu yake ni ya darasa la saba, unachukua kilo zako unagawa kwa urefu wa mita mara urefu wa mita, basi. Mimi 92 gawa kwa 1.63 mara 1.63, unapata 34.6. Chini ya 18.5 umepungua sana, mpaka 24.9 uko sawa, 25 mpaka 29.9 uzito umezidi, 30 kwenda juu ndo kiribatumbo. Na aliyeianzisha wala hakuwa daktari! Alikuwa Mbelgiji anaitwa Adolphe Quetelet, mtu wa nyota na takwimu, miaka ya 1830 huko, alikuwa anamtafuta mtu wa wastani, yaani binadamu wa katikati anafananaje, na wala hakuwa na habari na kitambi cha mtu. Hesabu ikakaa kabatini zaidi ya miaka mia mpaka 1972 Mmarekani Ancel Keys na wenzake wakaichukua, wakaipima kwa wanaume zaidi ya 7,000 kutoka Marekani, Finland, Italia, Japan na Afrika Kusini, wakaipa hilo jina la BMI na kusema kwa vitu rahisi hii ina nafuu. Wanaume, umesikia? Nikashika hapo hapo. Nikamtumia mume wangu ujumbe saa sita usiku tukiwa kitanda kimoja, "hii kitu ilipimwa kwa wanaume tu." Akajibu "lala."

Nikapata na lingine la kunifurahisha. Mpaka mwaka 1998 Marekani walikuwa wanahesabu uzito kuzidi kuanzia 27 na pointi, alafu wakashusha mpaka wakauweka 25, na mamilioni ya watu waliolala wakiwa na uzito wa kawaida wakaamka uzito umezidi bila kula hata andazi. Nililizunguka nalo ofisini wiki nzima. Hakuna aliyeniuliza hiyo inanisaidiaje mimi mwenye 34.6, na mimi sikujiuliza.

Ila kosa kubwa la BMI kila mtu analijua, kwamba haitofautishi nyama na mafuta, na kisa chake kizuri kuliko vyote ni cha mwaka 1942. Daktari wa jeshi la maji la Marekani, Albert Behnke, alichukua wachezaji 25 wa ile mipira yao ya kugongana, mabaunsa watupu, na kwa vipimo vya uzito vya jeshi 17 kati yao walikuwa wazito mno hawafai kuwa wanajeshi. Yeye akawapima kwa kuwazamisha kwenye maji. Mantiki yake ukishapika mchuzi wa nazi unaielewa, mafuta yanaelea juu kwa sababu ni mepesi kuliko maji, na mafuta ya mwilini ni hivo hivo, gramu 0.9 kwa kila sentimita ya ujazo, wakati nyama, mifupa na vingine vyote vikichanganywa vinafika kama 1.1. Kwa hiyo mtu mwenye mafuta mengi akizamishwa anakuwa mwepesi sana ndani ya maji, na mwenye misuli anazama kama jiwe la kinu. Wengi wa wale wachezaji walizama. Uzito wao mwingi ulikuwa nyama, si mafuta.

Ah, nikasema, hapo hapo! Labda na mimi ni nyama. Nabeba ndoo, napanda ngazi ghorofa nne lifti ikiharibika, na inaharibika kila wiki.

Wapi pa kuzamishwa sasa. Nilianza na kilichopo, ile mashine ya Kariakoo inayoongea, si mnaijua, kijana anaisukuma kwenye toroli na sauti ya mwanamke inajirudia toka asubuhi mpaka jioni karibu upime uzito na urefu. Nikapanda na viatu na mkoba begani, mashine ikanipa 94 na kikaratasi. Kijana akaniangalia akasema mama uko vizuri tu, akachukua mia tano yake. Huyu nilimpenda, lakini ni BMI ile ile.

Alafu nikaenda jimu, ambako rafiki yangu aliniambia kuna mashine inakusoma mwili mzima. Hii ni ile unasimama miguu mitupu juu ya vyuma, unashika vishikio viwili, unatulia kama unapigwa picha ya pasipoti. Kwanza kocha anauliza umri, jinsia, urefu. Kinachofanyika ni kwamba inapitisha umeme mdogo sana ambao husikii chochote, umeme unapita kirahisi kwenye maji, misuli imejaa maji, mafuta hayana, kwa hiyo ukikwama kwama sana mashine inajua kuna mafuta mengi. (Mwenye betri ya moyo asipande, hilo linaandikwa pale pale, na wajawazito pia wanaambiwa waache.) Ikatoa karatasi ndefu kama risiti ya supamaketi. Mafuta 43.1 kwa mia. Mafuta ya ndani ya tumbo 13, na mshale umeingia kwenye nyekundu. Umri wa mwili: miaka 54.

Nina miaka 41 jamani.

Kocha hapo hapo akaanza kunielezea programu ya miezi mitatu na bei yake, na mimi sisikii, nasikia 54 tu inagonga kichwani. Nikarudi siku nne baadaye, safari hii nimekunywa maji chupa mbili kubwa na nimetembea kwa miguu kutoka kituoni kwenye jua, nikapanda tena, ikasema 39.8. Yaani nimepoteza mafuta kilo tatu kwa siku nne huku nikila chapati. Ndo nikaelewa kwamba mashine haijayaona mafuta yangu hata mara moja. Inachopima ni umeme ulivyokwama, basi, alafu inachukua umri na urefu niliompa kocha na uzito wangu inapiga hesabu ambayo mtu alishaitengeneza kwa watu wengine kabisa, na ukibadilisha maji mwilini, ukila, ukitoka jasho, jibu nalo linahama. Haimaanishi ni utapeli. Ukipima kila mara asubuhi, hujala, umeshatoka chooni, mashine ile ile, unaweza kuona mwelekeo wa miezi kadhaa. Ila kuiamini ile pointi, au ule umri wa mwili ambao mpaka leo sijapata mtu wa kunieleza unatoka wapi, hapana.

Mashine ya tatu ilikuwa vidole. Binti wa dada yangu mkubwa anasoma lishe Morogoro, alikuja likizo na lile koleo la plastiki la kubana ngozi, nikamwambia nipime basi. Akanibana mbele na nyuma ya mkono kati ya bega na kiwiko, akanibana mgongoni chini ya bapa la bega, akanibana juu ya nyonga, kila sehemu mara tatu, anasoma milimita anaandika. "Mama mdogo usijikaze." Najikaza kwa sababu inauma na nina aibu pia. Kuna majedwali ya tangu 1974 unajumlisha hiyo minyama uzembe unapata asilimia. Nikapata 38. Lakini mwenyewe akaniambia ukweli, kwamba kwa mtu mnene koleo linashindwa kushika ngozi yote, mkunjo unateleza, na wapimaji wawili wanaweza wakapata majibu mawili kwa mtu mmoja, na koleo linashika yaliyo chini ya ngozi tu, yaliyojificha ndani ya tumbo kuzunguka ini na utumbo halina habari nayo.

Kwa hiyo nina 43, 40 na 38. Mtaniuliza nilichagua ipi. 38 bila shaka, nikaiandika kwenye simu.

Za kweli kweli zipo ila ziko mbali na sisi. Ipo DEXA, unalala kwenye kitanda mkono wa mashine unapita juu yako na miale ya eksirei ya nguvu mbili tofauti, mfupa, nyama na mafuta kila kimoja kinaipunguza miale kivyake, kwa hiyo kompyuta inaweza kuvitenganisha na hata kukuambia mguu wa kushoto una mafuta kiasi gani. Ilitengenezwa kwa ajili ya kupima mifupa ya wazee. Dada yangu anayeishi Muskati alipimwa, nikampigia kwa furaha nitumie karatasi tuone mafuta yako, kumbe walimpima uti wa mgongo na nyonga tu kwa ajili ya mifupa, mwili mzima mpaka uombe. Zipo na MRI na CT ambazo zinakukata kipande kwa kipande kama mkate na mafuta ya tumboni yanaonekana kwa macho, lakini nani atakuandikia hiyo kwa sababu umenenepa.

Kuna moja imenifurahisha kupita zote. Shirika la kimataifa la nguvu za atomiki, hao hao wa kukagua mambo ya mabomu na mitambo, kwa miaka wamekuwa wanasaidia nchi za Afrika kupima mafuta ya watu, wakiwemo watoto, kwa maji ya kunywa. Unapewa maji yenye haidrojeni nzito, haina mionzi wala nini, unakunywa, unasubiri masaa kadhaa, unatema mate kwenye pamba. Wanaangalia ile haidrojeni imechanganyika na maji kiasi gani mwilini mwako, kama vile ukitia rangi kwenye pipa ukaangalia imepauka kiasi gani unajua pipa lina maji mangapi. Sehemu ya mwili isiyo mafuta ni maji kama asilimia 73, mafuta karibu hayana maji, kwa hiyo ukijua maji unatoa hesabu unapata mafuta. Mate tu! Nilitamani sana, ila hiyo ni ya utafiti, huwezi kwenda dirishani ukaomba glasi.

Sasa wakati mimi nazunguka na faili langu, shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, akaanguka.

Hakuanguka vibaya, alikaa chini msibani akashindwa kuinuka, macho yanaona ukungu, na wiki kadhaa alikuwa anaamka kukojoa mara nne tano usiku akasema ni baridi. Kumpeleka zahanati sukari imefika 17. Wakarudia siku nyingine hajala kitu, 11.4, na hajala ikifika 7 tu ni kisukari tayari. Familia nzima tumeshangaa kwa sababu shemeji ni kimbaumbau. Miguu kama ya korongo, mikono myembamba, kilo 68 kwa mita 1.72, BMI yake 23 kamili, ile siku ya hema kazini kwetu angepita nesi angempigia makofi. Ana kitambi tu kidogo, kile cha duara kama ameficha chungu ndani ya shati, ambacho miaka yote tunamtania kwamba ni cha maisha mazuri, shemeji mambo yako safi.

Daktari aliyemwona hospitali hakumpandisha kwenye mzani kwanza. Akatoa futi ya kamba mfukoni, ile ya fundi nguo kabisa, akampima tumbo: sentimita 93. Akatingisha kichwa.

Mpwa wangu ndo akanielezea jioni ile tumekaa kibarazani. Vipimo vya dunia vinasema mwanaume hatari inaanza sentimita 94 na inazidi kuanzia 102, mwanamke 80 na 88. Kwa hiyo shemeji na 93 yake anapita kwa sentimita moja, anapewa cheti. Lakini ile 94 ni ya Wazungu. Mwaka 2005 shirikisho la kisukari la dunia lilipopanga namba kwa kila watu, Wahindi walipewa zao, Wachina zao, sisi wa kusini mwa Sahara tukaambiwa tutumie za Ulaya kwanza mpaka takwimu zetu zipatikane. Mtumba! Nilimwambia mpwa wangu hii ni suti ya mtumba, imeshonewa mtu mwingine, wewe unakunja mikono unaivaa hivo hivo. Na zilipokuja kupatikana, mwaka 2017, watafiti wamekusanya watu 24,181 kutoka nchi 8 za Afrika, wakaangalia hatari ya moyo na sukari inaanzia kiuno gani, wakapata sentimita 81.2 kwa wanaume na 81.0 kwa wanawake. Mwanamke karibu ile ile ya Ulaya. Mwanaume imeshuka sentimita kumi na mbili na zaidi. Fikiria ni wanaume wangapi wako katikati hapo, 85, 88, 91, wanapita mtaani na suruali zao wanaambiwa uko fiti.

Nikamwambia haya nipime na mimi. Akanisimamisha, akanitafutia kwa kidole mbavu ya mwisho ubavuni, akatafuta ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, akaweka alama katikati na kalamu, pande zote mbili, futi ikapita juu ya alama, imelala sawa kama upeo wa bahari. "Mama mdogo pumua kawaida, toa, usibane tumbo." Nilikuwa nimebana. Akasubiri mpaka nikaachia, huyu mtoto atakuwa mtaalamu mzuri. 98.

Hipsi 118.

Sasa hapa ndo pazuri. 98 gawa kwa 118 ni 0.83, na kwa kipimo cha kiuno kwa hipsi mwanamke hatari ni 0.85, kwa hiyo nimepita! Nilipiga kelele pale kibarazani. Nimepata wakili hatimaye, ni wowowo langu mwenyewe. Shemeji alikuwa 93 kwa 94, karibu moja kasoro kidogo, mwanaume anatakiwa asizidi 0.90, kashindwa vibaya. Na kweli ina maana yake, mafuta ya makalioni na mapajani yamekaa chini ya ngozi yanatulia, ya kitambi yamezunguka ini na kongosho na yanamwaga mafuta yake kwenye damu ya ini moja kwa moja. Shepu namba nane nayo ni tiba, nikamwambia mpwa wangu.

Akanyamaza kidogo, alafu akasema mama mdogo, gawa kiuno kwa urefu. 98 kwa 163. Inatakiwa kiuno kisifike nusu ya urefu wako, Waingereza saivi ndo wanawaambia watu hivo, chukua kamba ya urefu wako ikunje katikati ikuzunguke tumboni, ikigoma kukutana ujue. Yangu 0.60. Ya shemeji 0.54. Yaani kwa hiyo mimi ni mbaya kuliko yeye, alafu akamalizia na utafiti wa Afrika Kusini, kwamba wanawake weusi kweli wana mafuta machache ya ndani ya tumbo kuliko wazungu wa BMI ile ile, mengi yako hipsini, na bado insulini yao inafanya kazi vibaya zaidi. Wakili wangu akakaa chini.

Nilinuna mpaka chakula cha usiku. Ila hapo hapo kwenye kununa nikagundua kwamba vipimo vyote nilivyozunguka navyo, ukitoa yule kijana wa Kariakoo na huruma yake, na hilo wowowo langu, vilikuwa vinasema kitu kimoja kwa lafudhi tofauti. 34.6, 43, 40, 38, 98, 0.60. Palipotofautiana ni kwa shemeji. Kwake mzani ulisema mzima na kamba ikasema mgonjwa, na ni yeye alihitaji kupimwa zaidi ya mara moja na hakuna aliyempima. Januari 2025 tume ya wataalamu kwenye jarida la Lancet la kisukari ilisema karibu hivo hivo, BMI peke yake isitumike kumhukumu mtu, ongeza kiuno au kipimo cha mafuta, labda awe amepita 40 ambapo hakuna ubishi, na utenganishe mnene ambaye viungo vyake bado vinafanya kazi na yule ambaye unene umeshaanza kumuumiza. Mimi sukari yangu nilipima wiki ile, 5.4 sijala. Presha 138 kwa 88, hiyo wamesema tuiangalie.

Wiki iliyopita nimeenda kwa fundi, kuna sare ya harusi ya mtoto wa jirani, kitenge cha kijani na maua kama mapapai. Fundi wangu ananishonea toka sijaolewa. Akanipima kiuno, 37. Inchi, kwa hiyo 94, wakati mpwa wangu alipata 98, kwa sababu fundi anapima pale mwili unapoingia ndani na anavuta kamba kidogo, mafundi wana huruma. Alafu akafungua daftari lake kubwa lile la kaunta, akatafuta jina langu, na pale, sijui kwa nini sikuwahi kufikiria, iko mistari yangu yote. 2011 gauni la send-off, kiuno 29. 2014 baada ya Nasri, 32. 2018, 34. 2021, 35. Hospitali zote nilizopita hakuna hata moja yenye karatasi ya namna hii. Nikamwomba nipige picha, akasema piga tu mama Nasri, siri yako hiyo.

Nikamuuliza na shemeji yangu yumo? Akafunua. Suruali, 32 mwaka 2013, 32, 33, 33 mwaka jana. Kitambi chote kile kimeota na namba imesogea inchi moja. Nikasema fundi hii vipi, akacheka, "Huyu sijawahi kumpima tumbo. Wanaume nawapima wanapofungia mkanda, na mkanda kila mwaka unashuka chini ya kitambi."

Akaandika 37 yangu na tarehe. Nikamwona kwenye kitambaa anaweka chaki nje ya mstari, pande zote mbili, nikamuuliza hiyo ya nini.

"Akiba," akasema. "Inchi mbili. Ukirudi tutajua tunaachia au tunabana."